Jicho la Kulia

"Njoo ulione," Mzee aliniambia kwenye simu, "lakini usije peke yako. Njoo na mtu unayeweza kumkabidhi roho yako."

Nilidhani anahofia wezi, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba tukielewana bei nitalipa siku hiyo hiyo. Nikamwomba dada yangu tufuatane. Yeye ni muuguzi Nairobi, likizo yake ni mara moja kwa mwaka, na siku nne za likizo hiyo alinipa mimi bila hata kuuliza gari lenyewe ni la aina gani.

Ni Datsun 240Z. Kwa msomaji ambaye jina hilo halimgusi: ni gari la mbio la milango miwili na viti viwili tu, boneti ndefu, mgongo ulioteremka kama wa samaki. Lilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita, lita 2.4, na kabureta mbili. Kwetu Afrika Mashariki liliingia katika masimulizi wakati wa Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walipoibuka washindi wa mbio za magari za East African Safari, na nyuma yao, katika gari kama hilo, wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alirudi na 240Z akalingana alama za adhabu sawasawa na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine, na kanuni za mashindano zikampa Mehta ushindi. Mimi nililiona kwanza ukutani kwa kinyozi, Machakos, kwenye picha iliyokatwa gazetini: bodi nyekundu, boneti nyeusi, matope mpaka kwenye vioo. Nimelitafuta tangu nipate mshahara wa kwanza.

Hili la Mzee, huko Kombani, Kwale, lina jambo moja ambalo wanunuzi wengine waliliona dosari. Usukani wake uko kushoto.

Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia ili dereva awe karibu na mstari wa katikati. Ukivuka Moyale kuingia Ethiopia, au ukitoka Uganda kuingia Rwanda, mambo yanageuka. Ethiopia ilihamia kulia mwaka 1964, Sudan ikafuata mwaka 1973. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana mitumba yao hushuka Kilindini ikiwa tayari kwa barabara zetu. Lakini Z nyingi ziliundwa kwa ajili ya Marekani, na nyingine zikaenda nchi za Ulaya ambako usukani ni kushoto. Leo sheria ya Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kusajiliwa, isipokuwa la kazi maalumu kama ambulansi, zimamoto au mtambo wa ujenzi, wala hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane kuingia nchini. Kwa hiyo gari la Mzee haliwezi kuletwa tena. Lililokwisha kusajiliwa zamani ndilo hilo hilo, na likienda limekwenda.

Tulipanda treni ya asubuhi, tukashuka Miritini mchana. Zamani ningekwambia habari za kivuko cha Likoni, jua na foleni yake, lakini tangu mwaka 2024 mtu anayetoka Miritini kwenda Kwale anapita njia mpya ya Dongo Kundu na hauoni mji wa Mombasa kabisa. Teksi ilikata juu ya mikoko, ikapanda daraja la Mteza, refu la takriban kilomita moja na nusu, maji ya bahari yakiwa kimya chini yetu, kisha ikatutoa Kibundani kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga. Kutoka hapo Kombani ni karibu.

Kombani ni njia panda. Anayekwenda Tiwi, Ukunda, Msambweni na mpaka wa Tanzania ananyoosha. Anayekwenda mji wa Kwale anakunja kulia, apande vilima vya Shimba. Kwa sababu hiyo hapakosi watu: boda boda zimepangwa chini ya mwembe, akina mama wana sinia za viazi karai na mihogo, matatu zinapakia na kushusha. Tulikunywa madafu tukisubiri. Mjukuu wa Mzee akaja na pikipiki, akatuongoza kwa miguu huku akiisukuma, njia ya mchanga kati ya minazi na mikorosho, mpaka uani kwao.

Gari lilikuwa chini ya banda la makuti, limefunikwa leso. Leso kuukuu, labda kumi na mbili, zimeshonwa pamoja kwa mkono, rangi zimepauka lakini misemo mingine bado inasomeka. Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitika marahaba, akaona macho yangu yalipo. "Turubai hufungia unyevu," alisema. "Pamba inapumua. Hizo ni za mke wangu, zimechakaa mwilini mwake, sasa zinalivika hilo." Ukiwa umezunguka na kuona magari mazuri yaliyoozea ndani ya maturubai ya plastiki hapa pwani, unamwamini muuzaji kwa jambo hilo moja kabla hajasema jingine.

Kutu ya pwani haina haraka wala haichoki. Z ina mahali pake pa kuoza na kila anayelipenda anapajua: chini ya betri, sakafu chini ya miguu, reli mbili zilizo chini ya sakafu hiyo, pembe za nyuma ya milango, na ukingo wa mlango wa buti. Nilikuwa nimebeba sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Sumaku inashika bati. Ikifika penye puti inateleza. Nilipoinama kuanza kazi, Mzee alinishika bega. "Usijisumbue hapa," akagusa pembe ya nyuma ya mlango wa kulia, "hapa ni puti. Nilipachika mwenyewe mwaka wa El Niño. Na sakafu ya upande wa Mama, mke wangu, si ya kiwandani, niliikata nikaunga bati jipya. Hapo pengine pote pima unavyotaka."

Nilipima pote. Sumaku ilishika.

Tukafungua boneti. Kwenye ukuta wa injini imegongwa namba ya chesisi inayoanza na HLS30, na hiyo L si ya pambo: HLS30 ndiyo iliyotengenezwa kwa usukani wa kushoto, ya kulia ni HS30. Nikalinganisha tarakimu moja moja na logibuku, nikalinganisha na ya injini. Zikakubaliana. Namba ya usajili ni ile ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho iliyoongezwa mwaka 1989. Mzungu mmoja aliyefanya kazi hotelini Diani ndiye aliyelileta kwa meli, na aliporudi kwao mwaka 1986 alimuuzia Mzee, aliyekuwa fundi wake, kwa malipo ya kidogo kidogo ya miaka mitatu.

"Watu walinicheka," Mzee alisema. "Gari la mtumba, usukani upande wa abiria. Nikawauliza, Joginder alishinda na nini?"

Swali lake lina uzito. Joginder Singh, yule waliyemwita Simba, alishinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Waliinunua imetumika, wakaitengeneza wenyewe, wakawaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Ndugu wawili ndani ya gari ambalo wenyewe kiwandani walikuwa wamemalizana nalo: Mzee alikuwa akiisimulia hadithi hiyo huku akifuta kifuniko cha kabureta kwa kidole gumba, nami niliona ametuliza moyo wake nayo kwa karibu miaka arobaini.

Kisha akaniambia niingie, tukapande Kwale. Nikaenda mlango wa kushoto. "La," alisema. "Anza upande wa Mama."

Sikuwahi kupanda gari la usukani wa kushoto barabarani kwetu. Kuna miguu yako mbele, hakuna klachi, hakuna breki, na mstari wa katikati unapita chini ya kiwiko chako. Magari yanayokuja unayaona wewe kwanza. Tulipoanza kupanda kilima tulikuta lori la kokoto likijikokota mbele yetu. Mzee alilisogelea, akatulia nyuma yake, hakuchungulia. Kutoka alipoketi haoni kitu ila mgongo wa lori. Akangoja. Mimi niliona barabara nyeupe mpaka kona ya juu.

"Haya!" nikasema.

Hakwenda. Lori likatutangulia mpaka kona, barabara ikafungika, tukaendelea kulifuata mpaka likakunja. Ndipo aliponiuliza kwa upole, "Haya nini, mwanangu? Haya nenda, au haya ngoja, au haya basi?"

Tuliporudi, mkewe alikuwa amekaa barazani na dada yangu, wamekwisha kuwa kitu kimoja. Mama ana presha ya macho. Ilimla polepole, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, na kwa miaka miwili sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Dada alikuwa akimuuliza habari za dawa za matone na saa za kuzitia. Ndipo nilipofahamu, kwa aibu ya kuchelewa kufahamu, kwa nini gari linauzwa. Mzee mwenyewe angali na nguvu. Mikono yake haitetemeki, macho yake yanasoma tarakimu za chesisi bila miwani. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini gari lile liliendeshwa na watu wawili, yeye akishika usukani na mkewe akishika barabara, na yule aliyeshika barabara hawezi tena. Wanawe walijitolea. Mzee alikataa. Alisema si kwamba hawaoni, ila wanaona haraka mno.

Mama akamfundisha dada yangu pale pale barazani. Sijapata kusikia somo fupi lenye akili kama lile. Maneno ni mawili, alisema: *bado* na *wazi*. Usiseme haya. Usiseme sawa, kwa sababu mtu husema sawa hata akiwa hajakubali. Usiseme nenda, kwa sababu ukisema usiende, masikioni mwake litabaki nenda. *Bado* haifanani na kitu. Iseme tena na tena, usione haya kuirudia, dereva anayesikia bado anajua kwamba unatazama. Ukinyamaza, asiende. Ukisema *wazi*, iwe umehesabu: gari la mbali liko wapi, lori letu lina urefu gani, na mbele ya lori hakuna lori la pili. Na ukishasema wazi usilirudishe. "Ukilirudisha akiwa katikati," Mama alisema, "mtakufa kwa neno."

Dada yangu, ambaye wodini hupokea zamu na kukabidhi zamu kwa maneno yaliyopimwa, alirudia yote kama anavyorudia maagizo ya daktari. Mama akaridhika.

Kwa kuwa gari lina viti viwili tu, hapakuwa na mwalimu wa kufuatana nasi. Tulikwenda peke yetu mpaka njia ya kuingilia Tiwi na kurudi. Mkono wa kulia ndio unaobadili gea, na huo ulizoea baada ya dakika kumi. Nilichopenda ni ukingo. Dereva wa kushoto yuko kwa watu: watoto wa shule, mama mwenye kuni kichwani, boda boda inayochomoka uchochoroni, wote niliwaona karibu kuliko nilivyopata kuwaona, na ukisimama unashukia kwenye majani, mbali na magari. Mzee alikuwa amekwisha kubadilisha taa za mbele zamani, kwa sababu taa za usukani wa kushoto huelekeza mwanga kulia na kwetu zingewapofusha wanaokuja. Aliweka za duara za inchi saba, zile zile za Land Rover. Waipa hakuzigusa. Zinafuta vizuri upande wa dereva na kumwachia abiria pembe chafu juu ya kioo, na hilo ni la kurekebisha, maana katika gari hili mwenye kuhitaji kioo safi ni wa kulia.

Tulipozima injini uani, Mama alisema kutoka barazani, "Pale mwembeni umetoka gea ya tatu mapema. Iache iimbe kidogo."

Bei sikuipigania sana. Mzee alikuwa amekataa kubwa zaidi. Wanunuzi wa nje wanazitaka hizi, na kwao usukani wa kushoto si dosari. Alikuja mmoja mwenye kontena tayari. Mzee akamwambia gari halisafiri. Kwangu aliweka masharti mawili, nami nikayaandika kwenye mkataba wetu wa mkono juu ya kiasi cha fedha: lisiuzwe nje ya Afrika Mashariki nikiwa hai, na usukani usihamishwe. Hilo la pili nililitaka mwenyewe. Mafundi wawili Nairobi walikuwa wamenishauri nikate ukuta wa injini, nihamishe pedali na dashibodi, niwe "kama watu". Ukifanya hivyo unabaki na gari ambalo namba yake ya chesisi inasema uongo.

Uhamisho wa umiliki uliofanyika kwa simu ulichukua muda mrefu kuliko kupima kutu. Muuzaji ndiye huanza kwenye mtandao wa serikali, mnunuzi hukubali upande wake. Mjukuu alibonyeza, Mzee akasoma kila mstari kwa sauti, mara mbili. Kisha akazichukua leso, akazikunja kwa mstari wa mshono, akampa dada yangu. Mama aliomba apelekwe mpaka mlango wa kulia. Akafungua, akaketi kidogo, mikono mapajani, uso mbele. Hatukuwasha injini. Aliposhuka alisema kiti kirudishwe nyuma, dada ana miguu mirefu.

Tulilala Ukunda, tukaondoka alfajiri. Dongo Kundu, Mazeras, Mariakani, jua likituchomozea nyuma. Kutoka Mariakani ndiyo Barabara ya Mombasa yenyewe, malori ya makontena yameandamana kama siafu kupitia Samburu, Taru na Mackinnon Road, na kila lori ni ukuta. Pale Maji ya Chumvi dada alisahau. Aliona nafasi, akasema "Haya!" kama nilivyosema mimi, na mguu wangu ukabaki palepale kwa sababu siku iliyotangulia nilikuwa nimeaibishwa na neno hilo. Sekunde chache baadaye basi la kwenda Mombasa likatupita, upepo wake ukatikisa kioo. Mbele ya lori lilikuwapo bonde dogo, na basi lilikuwa ndani ya bonde. Hatukusema kitu mpaka Voi, ila *bado*.

Baada ya Voi alikuwa ameiva. Bado. Bado. Bado, kuna trela mbili. Bado. Wazi. Naye aliposema wazi nilikanyaga, silinda sita zikaimba ile sauti ambayo Mama hawezi kuisahau, na lori likarudi nyuma yetu kana kwamba limesimama. Mara moja, karibu na Mtito Andei, nilikuwa na hakika kabisa kwamba barabara iko wazi. Niliona kwa kona ya kioo, niliona anga. Yeye akasema bado. Nikabaki. Hakuna kilichokuja. Alikuwa bado anahesabu tu, na ninasema bila kusita kwamba pale ndipo nilipojifunza kuliendesha gari lile, kwa kubaki nyuma ya lori barabara ikiwa tupu.

Njiani nilimpigia Mzee mara tatu, Voi, Emali na tulipofika. Mara zote Mama ndiye aliyeshika simu, na hakuuliza habari za gari. Aliuliza dada hajachoka macho?

Sasa limelala kwangu, chini ya leso zake. Halitoki mpaka dada awe na nafasi, na ratiba ya zamu zake nimeibandika ukutani juu ya betri. Nyuma, chini ya kioo, Mzee alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe maneno USUKANI KUSHOTO, nami nimeyapaka upya. Ukitukuta kwenye Barabara ya Mombasa nyuma ya lori na ukaona maandishi hayo, tafadhali usitupigie honi. Dereva haoni mbele. Ana dada yake, na dada bado hajasema wazi.